"Ingekuwa Nzuri" Si Sifa



Najua baadhi yenu mtaguna. "Huyu tumemzoea na mishono ya madera na namna ya kutunza bitana ya abaya, leo kaingia kwenye gemu za watoto?" Naam, nimeingia, na leo sikuja kubembeleza. Nimekuja kugomba.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda kusomea ushonaji, na leo nina duka langu Mwanakwerekwe lenye cherehani nne na wasichana watatu ninaowafundisha. Ubavuni mwa duka kuna chumba nilichokuwa nikiwekea majora ya vitambaa. Miaka michache nyuma nikakisafisha, nikaweka mashine mbili za PlayStation na televisheni mbili, na mdogo wangu wa kiume ndiye anayekisimamia. Vijana wanalipa kwa mechi. Wakati wa sala tunafunga, na mtoto aliyevaa sare ya skuli haingii. Kwa hiyo gemu kwangu ni bidhaa kama uzi na zipu. Nanunua kwa pesa yangu, na kitu ninachokinunua kwa pesa yangu nina haki ya kukisema.

Sasa sikilizeni kilichonikera.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 13. Alikusanya pesa za mkono wa Idi. Idi ndogo hakununua hata bastola ya maji. Idi kubwa akazunguka kwa wajomba na mashangazi wote, kutoka Jang'ombe mpaka Fuoni. Zilipotimia akanunua gemu aliyokuwa akitazama matangazo yake kwa miezi. Jina lake silitaji, maana ugomvi wangu leo si wa risiti yangu. Diski ilipoingizwa tu, mashine ikadai ipakue marekebisho kwanza. Bando likaisha. Nikaweka jengine. Likaisha. Siku ya tatu ndipo gemu ikafunguka. Picha nzuri mashaallah, bahari imetulia kama ya Nungwi alfajiri. Wiki moja baadaye nikamkuta kajilaza kifudifudi, padi iko chini ya mto.

"Vipi gemu yako?"

"Ingekuwa nzuri, mama."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa. Nitafika huko.

Kibovu hakinidanganyi

Watu wengi wanadhani gemu mbovu kabisa ndiyo hasara. Mimi nasema hapana. Gemu mbovu inajulikana kwa harufu. Vijana wanaitazama dakika tano, wanacheka, wanapita. Hakuna aliyeweka moyo wake pale.

Hasara ni ile ya wastani ambayo ingeweza kuwa bora. Ile yenye wazo zuri, pesa nyingi na watu hodari, kisha ikatolewa nusu. Ile ndiyo inayokula pesa za mtoto, kwa sababu inaonesha uso wa kitu kizuri.

Wenzangu mafundi watanielewa haraka. Mteja akikuletea kitambaa cha kufuta vumbi ukakiharibu, atanuna siku moja. Lakini akikuletea hariri ambayo mumewe kamletea kutoka Maskati, ukaikata bila kupima mara mbili, hapo umefanya msiba. Kosa la mkasi ni lilelile. Kilichopotea ndicho kikubwa. Ndiyo maana ninasema gemu yenye uwezo mkubwa na kazi ndogo inastahili hukumu kali kuliko gemu isiyokuwa na uwezo wowote.

Kuna tovuti inaitwa Metacritic inayokusanya alama za wakosoaji na kuzitolea wastani. Kwa upande wa gemu, kuanzia 75 inapewa rangi ya kijani, chini ya 50 nyekundu, na katikati manjano. Watu wanaogopa nyekundu. Mimi naogopa manjano. Nyekundu inakwambia usinunue. Manjano inakwambia "labda", na "labda" ndiyo iliyomfilisi mwanangu.

Nyumba njema si mlango

Nitoe mfano ambao ulimwengu mzima unaujua, tusionekane tunapiga majungu. Mchukueni Anthem.

Anthem ilitengenezwa na BioWare, kampuni ya Kanada iliyoanzishwa 1995. Hawa si wanagenzi. Ndio waliotengeneza Mass Effect na Dragon Age, gemu ambazo watu wamezikumbatia kwa hadithi zake na wahusika wake. Nyuma yao walikuwa na Electronic Arts, mmoja wa matajiri wakubwa wa biashara hii. Kitambaa walikuwa nacho, cherehani walikuwa nazo, jina walikuwa nalo.

Juni 2017 wakaionesha Los Angeles, kwenye maonyesho makubwa ya E3. Mtu anavaa vazi la chuma, anaruka kutoka kwenye ukuta wa mji, anapaa juu ya msitu, anapita nyuma ya maporomoko ya maji. Kila aliyeona alisema hii ndiyo.

Februari 2019 ikatoka. Na haki isemwe, kule kuruka kulikuwa kuzuri kweli. Wakosoaji karibu wote walikusifu. Lakini ulipokwisha kuruka, ukauliza nifanye nini sasa, jibu lilikuwa dogo. Kazi zilezile zinarudiwa. Nenda pale, simama kwenye duara, piga maadui, okota vitu, rudi. Kila hatua unangojea skrini ya kupakia. Hadithi, kitu ambacho BioWare walisifika nacho, ikawa nyembamba. Ukafika mahali unaambiwa uhesabu masanduku uliyofungua na maadui uliowaua kabla hujaruhusiwa kuendelea mbele. Ikagundulika pia kwamba bunduki ya mwanzo kabisa ilikuwa inaua haraka kuliko zile unazozihangaikia kwa masaa. Kwenye kompyuta na PS4 wastani wake Metacritic ukawa chini ya 60. Manjano.

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anthem ilikuwa mlango wa Mji Mkongwe, umenakshiwa, una miiba ya shaba, na nyuma yake chumba kimoja chenye jamvi.

Kwa nini? Aprili 2019 mwandishi Jason Schreier akachapisha uchunguzi wake kwenye Kotaku baada ya kuzungumza na watu waliofanya kazi ndani. Gemu ilikuwa kwenye matayarisho karibu miaka saba, lakini sehemu kubwa ya kilichouzwa ilitengenezwa katika miezi kama 18 ya mwisho. Miaka yote ya mwanzo viongozi walikuwa hawajaamua gemu yenyewe ni nini. Hata kule kuruka, jambo moja lililopendwa na kila mtu, kulikuwa kukitolewa na kurudishwa. Jina lenyewe la Anthem lilibadilishwa siku chache tu kabla ya maonyesho yale ya 2017. Na ndani ya kampuni walikuwa na imani yao, wakiita uchawi wa BioWare: kwamba hata mambo yakiwa shaghalabaghala, mwishoni yatajipanga yenyewe.

Mafundi wenzangu, si tunaujua uchawi huo? Ndio ule wa usiku wa kuamkia Idi. Nguo 30 hazijaguswa, kitambaa kiko kwenye mfuko, na wewe unamwambia mteja kwa simu, "Usijali dada, imebaki kupigwa pasi tu." Unatumainia usiku mmoja ufanye kazi ya mwezi. Wakati mwengine usiku unakubali. Siku usipokubali, mtu anavaa nguo iliyoshikizwa kwa pini.

Mwisho wake mnataka kuujua? Februari 2020 BioWare wakaahidi kuifumua na kuishona upya. Februari 2021 wakatangaza kuwa kazi hiyo imesimamishwa. Mwaka 2025 EA wakatangaza kwamba seva zitazimwa tarehe 12 Januari 2026. Na kwa kuwa Anthem haichezeki bila intaneti, seva zikizimwa ile diski haina tena kazi. Pale uzinduzi watu waliilipa dola 60. Wamebaki na kisahani cha kuwekea kikombe.

"Tutarekebisha baadaye"

Sasa nakuja kwenye neno ninalolichukia kuliko yote. Kila ukisema gemu imetolewa nusu, anajitokeza mtu: "Subiri, watatoa marekebisho."

Nyie mnaosema hivyo, mnajua marekebisho analipa nani?

Ulaya na Marekani mtu ana intaneti ya nyumbani, analala, asubuhi gemu imejirekebisha. Anaita bure. Hapa kwetu marekebisho yanakuja kwa bando. GB kumi, GB ishirini, zaidi. Mwenye kampuni kaacha nguo bila pindo, kisha ananipa mimi uzi niununue kwa pesa yangu, halafu nishukuru kuwa pindo ni la bure. Bure gani hiyo? Kila "tutarekebisha baadaye" inayosemwa huko ni vocha inayokwanguliwa huku.

Tutazame Cyberpunk 2077. Ni ya CD Projekt Red wa Poland, waliotoa The Witcher 3 mwaka 2015 wakapendwa dunia nzima. Cyberpunk ilitangazwa 2012, ikaahirishwa mara tatu ndani ya mwaka 2020, ikatoka tarehe 10 Desemba 2020. Kwa kompyuta zenye nguvu ilikwenda. Kwa PS4 na Xbox One za kawaida, ambazo ndizo watu wengi walikuwa nazo, ilikuwa aibu. Inaganda, inajifunga, watu hawana nyuso, magari yanazama ardhini. Wiki moja tu baada ya kutoka, Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na wakakubali kurudisha pesa za watu. Haikurudi dukani mpaka Juni 2021.

Lakini lililonikasirisha mimi si kuganda. Ni hili: kabla ya siku ya kutoka, wakosoaji walipewa toleo la kompyuta tu. Wakaandika walichokiona, wakaipa alama za juu, zaidi ya 80 kwa wastani. Wenye PS4 wakasoma sifa zile wakanunua kitu chengine kabisa. Toleo la PS4 lilipokuja kupimwa likaanguka chini ya 60.

Sote tumesoma chuoni habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la chakula, akakuta chini kumelowa. Akamuuliza muuzaji kwa nini asikiweke kile kilicholowa juu watu wakione. Hapo pana somo zima la biashara. Kuwa na mali iliyonyeshewa si dhambi, mvua humnyeshea kila mtu. Dhambi ni kuweka kikavu juu. Kuonesha toleo la kompyuta na kuficha toleo la PS4 ni kikavu juu. Tangazo zuri la dakika mbili kwa gemu ambayo haijakwisha ni kikavu juu. Na sisi tukiona tukanyamaza kwa kuwa "ni gemu tu", tumemsaidia muuzaji kulifunika rundo.

Mtaniambia No Man's Sky

Najua. Mdogo wangu kanitajia hata kabla sijamaliza kuandika.

No Man's Sky ilitoka Agosti 2016, kazi ya kampuni ndogo ya Uingereza inaitwa Hello Games, watu wachache sana. Ahadi ilikuwa ulimwengu wa sayari zisizohesabika, mabilioni kwa mabilioni. Sayari zilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni cha kufanya humo, na mambo mengi watu waliyoyasubiri hayakuwemo. Siku za mwanzo tu wachezaji wawili walikubaliana wakutane mahali pamoja, wakafika, na hawakuonana. Watu waliwaka.

Ndiyo, baadaye Hello Games walirekebisha, mwaka baada ya mwaka, bila kutoza pesa. Julai 2018 wakaleta uwezo wa watu kucheza pamoja kikamilifu. Leo inasifiwa. Nawavulia kofia, au niseme navua mtandio kidogo nikiwa ndani kwangu.

Lakini mfano huu unawasaidia nyinyi au unanisaidia mimi? Ingekuwa 2016 watu wote wamesema "si mbaya, wamejitahidi", nani angejisumbua kuirekebisha? Hukumu kali ndiyo iliyoonesha pengo liko wapi. Na kwa kila No Man's Sky moja iliyorudi fundi akaimaliza, iko Anthem iliyoachwa kwenye cherehani na sindano ndani yake. Mtoto anayenunua siku ya kwanza hajui anapata ipi. Tusimfundishe kununua kwa kudra.

Alama saba za kuogopana

Nina ugomvi pia na wakosoaji, na hasa hawa vijana wetu wanaojirekodi wakicheza kisha wanatoa hukumu kwa Kiswahili. Kazi yenu naipenda. Lakini mbona kila gemu ni "saba kwa kumi"? Inaganda, saba. Haina hadithi, saba. Ni ileile ya mwaka jana na jezi mpya, saba na nusu.

Saba ya namna hii inatokana na woga. Unaogopa mashabiki watakutukana, na unaogopa kuonekana una chuki. Mkosoaji akiogopa, mnunuzi ndiye anayelipa. Sema wazi: wazo lake lilikuwa hili, limefika hapa, limeishia hapa kwa sababu hii, na kwa pesa hii usinunue. Mtu akikwambia mbaya bila kukwambia kwa nini, huyo naye hana faida. Mimi nikimrudishia mwanafunzi wangu mkono wa kanzu simwambii "mbaya". Namwambia umekata mbele na nyuma sawasawa, ndiyo maana kwapa linavuta.

Kuna wanaosema kusema vibaya kazi ya watu ni kusengenya. Dada zangu, tusichanganye. Kusengenya ni kumtaja mtu kwa aibu yake ambayo haikuhusu. Bidhaa iliyowekwa sokoni kwa bei inamhusu kila anayeombwa bei hiyo. Kumtahadharisha mnunuzi ni nasaha.

Ila mpaka upo. Sean Murray wa Hello Games alitishiwa kuuawa mwaka 2016 kwa sababu tu gemu iliahirishwa. Haya ni mambo ya wendawazimu. Mtu anaahirisha ili amalize kazi, wewe unamtishia maisha? Anayeahirisha anastahili shukrani. Hukumu iwe kwa kazi, na ikibidi kwa wakubwa walioamua kuuza kabla ya wakati. Wale vijana wanaolala ofisini kumalizia ni kama wasichana wangu usiku wa Idi. Mimi ndiye niliyepokea oda nyingi kuliko mikono, na wao ndio wanaosinzia juu ya cherehani. Uchunguzi ule wa Anthem ulieleza watu walioumia kwa msongo wa kazi mpaka wakapewa likizo na madaktari. Kwa hiyo anayekemea gemu nusu anamtetea mnunuzi na anamtetea mfanyakazi pia.

Hata ya bure

Kisha wapo wa "lakini ile ni bure". Vijana wa chumbani kwangu wote wamekulia kwenye PES ya Konami. Mwaka 2021 Konami wakaliacha jina la PES, wakaleta eFootball, wakasema ya bure. Ilitoka tarehe 30 Septemba 2021. Nyuso za wachezaji maarufu zilikuwa kama zimeyeyuka juani, mwamuzi na mpira havisikilizani, na timu za kuchezea zilikuwa chache mno. Kwenye duka la Steam watumiaji waliipa maoni mabaya kiasi cha kuwa mkiani mwa gemu zote. Konami wenyewe wakaomba radhi, na toleo waliloliita kamili halikuja mpaka Aprili 2022.

Bure haiondoi amana. Ukinialika chakula cha bure ukanilisha wali mbichi, tumbo langu litauma vilevile. Na ile PES ilikuwa na watu wake, ilikuwa na miaka ya mapenzi. Walichopoteza hakikuwa pesa, kilikuwa imani. Imani huishoni upya kwa sasisho moja.

Na mimi je?

Nimeahidi nitafika huku.

Mwaka wangu wa pili wa biashara nilipokea nguo ya bibi harusi. Mama yake kaja na kitambaa cha lesi, kizuri sana, kakinunua kidogokidogo kwa pesa za mchezo. Nikapima, nikachora, nikamwonesha mchoro mpaka akatokwa na machozi. Kisha nikapokea nguo za sare za harusi nyengine mbili, kwa tamaa. Nikamwambia kila akipiga simu, "Inakwenda vizuri, mama." Haikuwa inakwenda popote. Nikaishona siku mbili za mwisho. Shanga za mbele nzuri ajabu, maana nilijua picha zitapigwa kwa mbele. Ndani sikuweka bitana yote. Zipu niliishikiza. Pindo nikalipiga kwa mkono, harakaharaka.

Siku ya tatu baada ya harusi mama yule akaja dukani. Hakupiga kelele. Aliiweka nguo mezani, akaigeuza ndani nje, akanionesha mshono mmoja baada ya mmoja. Akasema, "Mwanangu, nguo hii ingekuwa nzuri. Mkono unao. Ulichokosa ni kuniheshimu." Pesa iliyobaki akanilipa, akaondoka.

Wallahi angenitukana ningesahau. Angesema "si mbaya, ahsante" ningeendelea hivyohivyo mpaka leo, nina duka la shanga za mbele. Hukumu yake ndiyo iliyonifanya fundi. Tangu siku hiyo Ramadhani nikifika idadi ninayoiweza nafunga daftari. Wateja wengine wananiona ninaringa. Bora waende kwa mwengine na nguo ikamilike kuliko nichukue pesa yao na nguo isikamilike.

Kwa hiyo mwanangu aliposema "ingekuwa nzuri, mama", nilijua amesema kitu kizito kuliko alivyodhani. Alikuwa akisema: mkono walikuwa nao, walichokosa ni kuniheshimu.

Tufanye nini basi

Kwanza, tusinunue gemu kabla haijatoka. Kulipia mapema ni kumlipa fundi yote kabla hajakata. Nani kati yenu anafanya hivyo kwa nguo? Mbona kwa gemu tunakubali?

Pili, subiri angalau mwezi. Usitazame tangazo. Tazama mtu wa kawaida akiicheza kwenye mashine kama yako, si kwenye kompyuta ya mamilioni. Uliza kama inachezeka bila intaneti. Uliza marekebisho ni GB ngapi, upige hesabu ya bando, ujumlishe kwenye bei. Hiyo ndiyo bei ya kweli.

Tatu, mtoto akisema gemu haifai, msikilizeni. Msimwambie "shukuru umepata" mkaishia hapo. Muulizeni kwa nini haifai. Ilikosa nini? Ungekuwa wewe ungeanzia wapi? Mwanangu nilimwekea daftari, kila gemu anayoimaliza au kuiacha anaandika hukumu yake nusu ukurasa. Insha zake za skuli zimenyooka, na juzi kamrudisha fundi seremala kitanda kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi. Nilicheka, kisha nikafurahi. Mtu anayejua kutofautisha kizuri na kinachofanana na kizuri hataliwa kirahisi sokoni, wala kwenye ndoa.

Nne, na hii ni yetu sote wenye kufanya kazi kwa mikono: tusimkemee aliye Kanada wakati chini ya meza zetu kuna nguo ya mtu bila pindo. Leo nimeanza na langu. Jana usiku, kabla ya kuandika haya, niliifumua abaya ya mteja iliyokuwa ina sentimita moja pungufu kushoto. Asingeona. Mimi nimeiona.

Anayetaka kunipinga anipinge, uwanja huu hapa. Lakini usiniletee "wamejitahidi". Niletee sababu.

Wabillahi tawfiq.